Hiyo Namba Kasema Nani? Maongezi na Mafundi na Wacheza Gemu wa Mbeya

Mugonile wadau, na mliopanda basi kutoka Iringa na Njombe, kamwene. Wakubwa wote shikamooni. (Haya ni maongezi niliyoyatoa hapa Mbeya kwa mafundi, wanachuo na wacheza gemu, nimeyaandika vile vile yalivotoka, nimeruka tu pale umeme ulipokatika na watu wakaanza stori zao.)

Nimeombwa niongelee mashine zilizoovaklokiwa, yaani zile ambazo mwenyewe kaipandisha prosesa au ramu ikimbie kuliko ilivotoka kiwandani, alafu siku moja anaiwasha inamtolea namba asizozijua kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na joto linasoma vitu vya ajabu. Najua wengi mmekuja na daftari mkitegemea niwape orodha, namba hii maana yake hii, ile maana yake ile. Orodha sina. Iko kwenye kitabu kilichokuja na bodi, kurasa za mwisho kule ambako hakuna anayefika, na kama kitabu kimepotea kipo mtandaoni kwa jina la bodi yako. Mimi nimeleta swali moja tu: ukiona namba yoyote kwenye mashine, kabla hujagusa skrubu, jiulize hiyo namba kasema nani. Maana ndani ya kompyuta moja wasemaji ni wengi, kuna baiosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine, kuna prosesa yenyewe, kuna kachipu ka bodi kanakosoma feni na joto, kuna Windows, kuna programu uliyoishusha jana, na si wote wanajua wanachokisema.

Tuanze na vile vitarakimu viwili vinavyowaka pembeni ya madabodi. Bodi za bei ya juu kidogo ndo zinavyo, ASUS wanaviita kwa jina lao, MSI kwa jina lao, ASRock hivo hivo, ila kazi ni moja. Hii kitu ni ya zamani kuliko wengi wenu humu ndani. Toka IBM watoe ile kompyuta yao ya AT mwaka 1984, baiosi ikiwa inaamsha mashine inatupa namba kwenye mlango mmoja wa ndani unaoitwa 80, kila hatua na namba yake, na mtu akiwa na kadi ya kusomea anaiona. Saivi kadi imeingizwa kwenye bodi yenyewe, basi. Zile kadi za kuchomeka za bei rahisi bado zipo madukani lakini nyingi ni za sloti ya zamani ya PCI, ukiipeleka kwenye bodi mpya isiyo na sloti hiyo umenunua pambo.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo wengi wanapopotelea. Namba hizo kwa sehemu kubwa sio makosa. Ni hatua. Baiosi inasema naanza kuamsha prosesa, naanza kuamsha ramu, natafuta kadi ya picha, natafuta diski. Ni konda wa daladala anayetaja vituo, akishasema Mwanjelwa akanyamaza na gari haliendi, kosa sio la Mwanjelwa, gari limekwama kuanzia pale. Kwaiyo namba iliyoganda inakwambia hatua iliyoanza na haikuisha, na namba iliyopita haraka haikwambii chochote, iache ipite. Unakuta kijana karekodi video ya simu, anaisogeza polepole, anakuja na namba ishirini kaziandika kwenye karatasi anataka nimtafsirie zote. Nipe moja mdogo wangu, ile iliyobaki. Na kama hakuna iliyobaki, inazunguka zinarudi mwanzo zinazunguka tena, basi niambie inazunguka, hiyo nayo ni habari nzuri sana maana inamaanisha bodi inajaribu, inashindwa, inajiristati, na kwenye mashine iliyoovaklokiwa mara nyingi ni ramu.

Na jamani, isomeni ikiwa imesimama. Fundi analaza kesi ubavu mezani, anaizungukia upande wa waya, anasoma namba kichwa chini miguu juu. 99 ukiipindua ni 66, hizo ni habari mbili tofauti kabisa. 55 ukiipindua ni 55 ile ile, hapo una bahati. Herufi b ndogo na namba 6 zinatofautiana kamstari kamoja ka juu tu, na hiyo d ikipinduliwa inakaa kama p ambayo haipo kabisa kwenye hizi namba, maana herufi zake zinaishia F. Ukiona p umesoma kinyume, zunguka meza.

Nitoe mfano mmoja niliokaa nao vizuri. Kijana mmoja wa mtaa wa Soweto huku Mbeya alikuja mezani kwangu kabeba mashine nzima kwenye blanketi, prosesa kaipandisha mwenyewe na kaipandisha vizuri tu, sio mtu wa kubahatisha. Ananiambia, "Kaka, bodi inaandika 40. Zamani ilikuwa inaandika AA. Nimeshusha ovakloki yote nimerudisha stoku, bado 40."

Nikamuuliza, "Mashine yenyewe inafanya kazi?"

"Inafanya kaka. Gemu linacheza safi."

"Jana ulizima au uliristati?"

"Nilizima kabisa, mpaka swichi ya ukutani."

Nikamwambia iristati hapo hapo. Akaristati, ikaja AA. Akanitazama kama nimefanya uganga.

Hakuna uganga. Kwenye bodi nyingi zenye baiosi ya AMI, hao ni kampuni inayotengeneza baiosi, AA mwisho wa safari maana yake baiosi imemaliza na imekabidhi mashine kwa Windows, na 40 maana yake mashine imeamka kutoka usingizi mzito, ule unaohifadhi hali yake kwenye diski. Na Windows toka namba 8 kuja juu ina kitu cha fasti statapu, ukibonyeza kuzima haizimi yote, inalaza kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwaiyo wewe unajua umezima, bodi inajua umelala. Haijalishi umetoa waya wa ukutani, kilichohifadhiwa kiko kwenye diski hakihitaji umeme. Ukiristati inaanza upya kweli kweli, ndo unaona AA. Kijana alikuwa ameshusha spidi ya mashine yake nzuri kwa ajili ya salamu ya asubuhi. Nikamzimia ile fasti statapu kwenye mipangilio ya umeme, akabeba blanketi lake akaenda.

Alafu kuna balaa lingine juu ya hilo. Bodi kadhaa za ASUS na MSI zikishamaliza kuwaka, kile kile kidirisha kinaacha kuonyesha hatua kinaanza kuonyesha joto la prosesa. Kwaiyo 40 hiyo hiyo inaweza kuwa usingizi na inaweza kuwa nyuzi arobaini. Utajuaje? Ipe kazi. Fungua gemu au programu ya kupima kama Cinebench, angalia kidirisha. Ikienda 47, 58, 66, hilo ni joto. Ikibaki 40 imetulia kama ilivo, hiyo ni habari ya kuamka. Na ukiona herufi humo, A au b au d, joto halina herufi, huna haja ya kuuliza mtu.

Tuje kwenye zile zinazoleta kesi kweli. 55 kwenye baiosi ya AMI ni ramu haijaonekana. Watu wanakimbilia kununua ramu. Toa zote, safisha midomo yake kwa ufutio laini na ufute unga wake, rudisha moja tu kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, hapo ndo bodi nyingi za sloti nne zinapopenda moja. Ikikataa jaribu nyingine. Ikikataa tena usiende dukani bado, fungua hitisinki, lile bati la kupozea prosesa, utazame ulivyoifunga. Prosesa za pini kwenye soketi zikibanwa upande mmoja zaidi ya mwingine zinaweza kupoteza mguso wa njia ya ramu, nimeona mashine inayosoma ramu mbili badala ya nne ikapona kwa kulegeza skrubu za hitisinki na kuzikaza kwa msalaba, kidogo huku kidogo kule. D6 ni hakuna pa kutoa picha, na sijui niseme nini zaidi ya kuwaambia angalieni waya wa skrini umechomekwa wapi. Prosesa za Intel zenye F mwishoni, i5-12400F kwa mfano, hazina picha ndani yake, ukichomeka waya kwenye bodi badala ya kadi ya grafiki utakaa gizani mpaka Pasaka.

Na 15. Hii nataka niikalie kidogo maana imeua hela za watu. Kwenye bodi mpya za Ryzen, prosesa za AMD, zinazotumia ramu za DDR5, ukibadili ramu au ukiirudisha baiosi kwenye hali ya mwanzo, bodi inakaa inapanga ramu, inajaribu muda huu, muda ule, volti hii, na kidirisha kinaganda kwenye 15 au namba jirani zake na skrini iko giza. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ramu ikiwa kubwa ndo zaidi. Mwenye mashine anaona giza, roho inamruka, anazima. Anawasha, bodi inaanza kupanga upya kutoka mwanzo, anazima tena. Mpaka jioni kashaamini bodi imekufa na kuna mtu kashamwambia anunue nyingine. Iwashe, toka nje, kanywe chai, rudi. Ukirudi nusu saa imepita na bado iko pale pale, hapo sasa tuzungumze.

Hapo ndo linaingia la ovakloki. Kanuni yangu, na hii siibembelezi: mashine iliyopandishwa ikianza visa, kitu cha kwanza irudishe stoku, yaani ilivotoka kiwandani, yote, prosesa, ramu, kadi ya grafiki, vyote. Sio nusu. Watu wanashusha prosesa wanaacha ramu kwenye XMP au EXPO, ile mipangilio ya kwenye baiosi ya kuipandisha ramu, wakidhani hiyo ni hali ya kawaida kwa vile waliiwasha kwa kubonyeza mara moja tu. XMP ni ovakloki, tena ndo inayoongoza kwa kesi. Zima, toa waya wa umeme, gusanisha zile pini za kusafishia baiosi au toa ile betri ya saa, CR2032, subiri dakika kadhaa, rudisha. Kama ugonjwa umeisha, mkosaji ni mipangilio yako. Kama upo, hapo una haki ya kushuku kifaa. Ukipima ugonjwa huku ovakloki ipo, kila jibu utakalopata lina maelezo mawili, na utachagua lile unalolipenda.

Dada pale mwisho kaniandikia kikaratasi, anauliza mbona mashine yake mwezi wa saba asubuhi inakataa mara mbili tatu alafu saa nne ikishapata kijua inawaka safi. Dada yangu, hiyo ramu yako iko mpakani. Asubuhi ya Julai hapa chumba kinaweza kuwa na nyuzi kumi na kitu chache, bodi inapanga ramu ikiwa baridi, ikishapata joto mambo yanasogea kidogo, na ukiwa umeibana mpaka mwisho huna nafasi ya hicho kidogo. Kama umeiweka spidi ya 6400 ishushe 6000, au ongeza volti ya ramu kwa uangalifu ndani ya kile alichoandika mtengenezaji. Nimeshaona mtu anaipasha madabodi kwa drayaya ya saluni kila asubuhi. Inawaka, ndiyo. Lakini jamani.

Haya, joto. Hapa ndo swali langu la kasema nani linapolipa.

Ukifungua HWiNFO, programu ya kusoma sensa za mashine, unapata mistari mingi mpaka kichwa kinauma, na watu wanatafuta namba kubwa kuliko zote wanaipigia picha wananitumia. Mzee mmoja mwenye stesheneri alinipigia usiku kabisa, kaunganishiwa mashine na mjukuu wake, anasema humu ndani kuna kitu kina nyuzi 127, nizime? Nikamuuliza, mzee shikamoo, ukigusa kesi kwa mkono ni ya moto? Hapana, ya baridi. Hiyo 127 inapanda inashuka? Haitikisiki. Basi lala mzee. Kale kachipu ka bodi, kwa wengi ni ka kampuni ya Nuvoton au ITE, kana miguu mingi ya kusomea joto na mtengenezaji wa bodi hajaunganisha yote. Mguu usio na sensa hauna cha kusema lakini programu inausoma hivo hivo, unatoa namba ya ukingo, 127, au hasi hamsini na kitu, au inarukaruka bila mpangilio. Kwanini 127? Ndo namba kubwa inayoingia kwenye biti nane ukiacha nafasi ya alama ya hasi. Ule mstari una jina la ajabu la AUXTIN, ufiche tu. Mwingine mashine ilikuwa inasoma 140 kila akicheza, tukakuta programu imewekwa Farenhaiti. 140 ya Farenhaiti ni 60 zetu, ni joto la mashine yenye afya.

Prosesa yenyewe ndo msemaji wa kumsikiliza zaidi, ila nayo ina namna yake. Sensa za Intel hazipimi kutoka sifuri kwenda juu, zinapima zimebakiza ngapi kufika kwenye kikomo. Kikomo kikiwa 100 na sensa ikasema bado 30, programu inatoa inaandika 70. Kwaiyo karibu na kikomo inasema kweli zaidi, na huku chini mashine ikiwa imetulia inakuwa ya makadirio. Kiini kimoja kusoma 31 na kingine 37 mashine ikiwa haifanyi kitu, hiyo sio hitilafu, usifungue hitisinki kwa ajili hiyo. Na Ryzen za mwanzo zile za 2017, 1700X na 1800X, AMD waliziongezea nyuzi 20 kwenye namba wanayoitoa kwa makusudi, ili feni za aina zote zifuate mpango mmoja. Threadripper ya 1950X ni 27. Programu mpya zinatoa hiyo nyongeza zenyewe, programu ya zamani haijui, inakwambia 58 wakati ukweli ni 38. Hizo prosesa bado ziko mitaani humu kama mtumba, ukinunua utakutana nazo. Alafu Ryzen za 7000 zimetengenezwa zikimbie mpaka 95 zikipewa kazi nzito, AMD wenyewe wamesema hivo, kwaiyo ukiona 95 kwenye 7950X na spidi haijashuka usipige kelele, japo mimi binafsi siipendi na huwa nazipunguzia umeme kidogo, zinapoa sana na spidi inayopotea huioni.

Kitu ambacho ningependa kila fundi akifanye kuliko kuangalia namba ni kuangalia namba inavyopanda. Washa kazi nzito ukiwa umetoa macho. Ikiruka kutoka 40 mpaka 98 ndani ya sekunde moja mbili, joto halitoki kabisa kwenye prosesa, mguso hakuna, hapo ni pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, imekauka, au hitisinki imekaa upande, au ile karatasi ya plastiki ya chini hawakuibandua, na msicheke, tuliyoibandua wiki kadhaa zilizopita ilikuwa imeungua rangi ya kahawa. Ikipanda taratibu, 60, 65, 72, baada ya dakika kumi iko 90, mguso upo ila joto halitoki nje ya kesi, hapo ni vumbi, feni zimegeuzwa, au kwa wale wa kupoza kwa maji, pampu imezimika na maji yanachemka yamekaa pale pale. Gusa mipira miwili ya maji, mmoja wa moto sana na rediata ya baridi, pampu hiyo imekwenda. Angalia na spidi ya pampu, ikiandika sifuri hakikisha kwanza waya wake haujachomekwa kwenye pini nyingine.

Na kuna kisichowezekana. Feni ya hewa haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Ukiwa Njombe alfajiri, chumba nyuzi 11, mashine imewaka sasa hivi ikasoma 17, nakuamini. Ukiwa Kyela saa nane mchana chumba 31 alafu mashine inasoma 19, sensa inadanganya au programu imekosea bodi, na huwezi kuitegemea hata ikisema 80.

Sisi wa huku tuna mambo yetu ambayo video za Ulaya hazikwambii. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Iringa 1,500 na zaidi, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hewa ni nyepesi, pungufu ya ile ya Dar kwa karibu moja ya sita, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kwa feni ile ile kwa mzunguko ule ule. Lakini chumba chetu ni cha baridi kuliko cha Dar kwa nyuzi kumi au zaidi, kwaiyo kwa jumla bado tunapata faida. Shida inakuja mtu anapandisha mashine yake hapa mwezi wa saba chumba kikiwa 16, inakaa 82, anafurahi, anaiuzia jamaa wa Dar, kule chumba 32 na hakuna kiyoyozi, mashine inagonga kikomo inajishusha spidi, jamaa anasema ameuziwa kimeo. Andikeni joto la chumba pembeni ya joto la prosesa, siku zote. 82 ukitoa 16 ni 66 juu ya chumba, hiyo 66 ndo inasafiri na mashine, nyingine inabaki Mbeya. Na ukishuka na mashine kutoka Njombe baridi kwenda Kyela au Dar kwenye unyevu, iache ikae masaa ikiwa imezimwa mpaka ifanane na chumba, maana bati la baridi linavuta majimaji ya hewani, na majimaji kwenye bodi yenye umeme yatakuletea namba ambazo hazimo kwenye kitabu chochote.

Kingine wanachokosea wapandishaji ni kudhani spidi ndo inaleta joto. Volti ndo mwenyewe. Joto linakwenda na spidi mara volti mara volti tena. Ukitoka 4.5 kwenda 5.0 gigahezi umeongeza asilimia 11, lakini kama ili isimame ulilazimika kutoka volti 1.20 kwenda 1.35, joto la kutoa limeongezeka kwa karibu asilimia 40. Hapo utaona kwanini feni iliyokuwa inatosha haitoshi tena, wala haina ugonjwa.

Mashine ikikwama kwenye 800 megahezi na prosesa iko 55, msiiguse prosesa. Kuna mwingine anaiambia ipunguze, inaweza kuwa ile sehemu ya bodi inayogeuza umeme wa prosesa, zile mosfeti chini ya vibati, zimechemka hata kama prosesa imepoa. Gusa kibati kwa uangalifu, au tafuta mstari wa VRM, ndo jina la sehemu hiyo, kwenye HWiNFO. Wenye kupoza kwa maji ndo wanaumia hapa, maana wameondoa ile feni iliyokuwa inapuliza bodi nzima. Weka kafeni kadogo pale, kwisha.

Swali la mwisho tulilokuwa nalo, mwanachuo pale mbele: mashine yake haizimi, haigandi, joto zuri, namba AA, lakini anahisi imekuwa nzito toka aipandishe. Fungua Iventi Vyua ya Windows, lile daftari la matukio ya mashine, chuja WHEA-Logger, ndo inayoandika makosa ya vifaa. Ukikuta namba 19 nyingi nyingi, hayo ni makosa ya vifaa ambayo mashine imeyagundua na kuyarekebisha yenyewe bila kukwambia, na kurekebisha kunakula muda, ndo uzito wako huo. Ukikuta 18, hiyo ndo iliyoangusha mashine. Shusha hatua moja, pima tena usiku kucha, MemTest86 kwa ramu, OCCT kwa prosesa, alafu rudi kwenye orodha hiyo hiyo asubuhi uone kama imekaa kimya.

Sasa waliokuja na mashine zao, yule mwenye 55 aanze. Leta mezani, bisibisi hiyo hapo, tuanze na ramu.